Chumba cha Mama Kimerefuka

Mashine yenyewe ilikuja kwenye boksi, imefunguliwa vipande vipande, pamoja na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa na mtu ambaye, kwa maoni ya Milimita, hajawahi kushika bisibisi tangu azaliwe. Aliiunga mwenyewe kwa siku nne kwenye meza ya stoo. Ilikuwa mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta: unachora kitu kwenye skrini, unabonyeza, na kekee nyembamba kama sindano ya kushonea magunia inaanza kutembea juu ya ubao, mbele na nyuma, kushoto na kulia, inakata kile kile ulichochora. Zamani vitu hivi vilikuwa vya viwandani, mashine moja inajaza ukumbi. Siku hizi zimetoka ndogo, bei ya friji, na kila mwenye wazimu wa kutengeneza vitu vidogo anataka ya kwake.

Na Milimita alikuwa na wazimu huo, tusifichane. Kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu, na jina hilo ni wanafunzi waliompa, maana mstari ukizidi milimita moja anakukata maksi hata ukilia machozi ya damu. Akirudi nyumbani anatengeneza vijumba. Vijumba vyenye milango inayofunguka, ngazi zenye kingo, madirisha ya kutosha kuchungulia kwa jicho moja. Mumewe alikuwa mwokaji mikate, anatoka alfajiri na kurudi asubuhi watu wengine wakiwa ndio kwanza wameingia makazini, na kila akipita mlango wa stoo lazima achokoze.

"Huyo mume mwenzangu ameamkaje leo?"

"Ameamka na akili zake, kuliko wewe," Milimita anamjibu bila kugeuka.

Mwaka huo alikuwa na kazi moja tu moyoni, nayo ni nyumba ya Mama. Mama alikuwa anatimiza miaka themanini mwezi wa tisa, na Milimita aliapa kwamba siku hiyo atamwekea mezani nyumba yake mwenyewe, ile aliyojenga na marehemu mumewe, imepunguzwa mara ishirini. Kila sentimita ishirini za nyumba ya kweli ziwe sentimita moja ya ubao. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, kuta za matofali, sakafu ya juu ya mbao zilizobebwa na boriti. Mama aliishi juu peke yake. Chini kulikuwa na duka la viatu la mdogo wake Milimita, kitinda mimba, ambaye ukoo mzima ulimwita Bosi tangu akiwa na miaka sita, kwa sababu alikuwa anatuma watu na hatumwi.

Vipimo alivichukua kwa awamu, na hapa ndipo ujinga ulipoanza. Kuta za juu alizipima mwezi wa pili. Shule zikafungua, mitihani ikaja, kusahihisha kukamla. Sakafu akaja kuzipima mwezi wa sita, akaandika kwenye ukurasa mwingine wa daftari, akachora kwenye kompyuta, basi. Hakulinganisha ukurasa na ukurasa. Mwalimu wa hesabu mzima! Angekuwa mwanafunzi wake amefanya hivyo, angemsimamisha mbele ya darasa.

Likizo ya mwezi wa nane ilipofika akaanza kukata. Jikoni pakakaa sawa. Sebule ikakaa sawa. Ngazi ikaingia mahali pake kwa mlio mdogo wa kufurahisha, akamwita mumewe aje asikilize. Kisha akakata sakafu ya chumba cha kulala cha Mama, akaishusha kati ya kuta, ikagoma. Akaisukuma, ikagoma. Akaipima kwa kalipa, kile kikoleo chake cha kupimia vitu vidogo: sakafu ina milimita mia na themanini na mbili. Ukuta una mia na themanini. Milimita mbili zimezidi.

Sasa, mtu mwingine angefikiri nini? Milimita akafikiri kile ambacho kila mwenye mashine ya bei rahisi anafikiri kwanza: mashine. Watu wa vijumba wanaijua hiyo. Mashine za namna hiyo mikanda yake inalegea, skrubu zinacheza, leo inakukatia sawa na kesho inakukatia kama mlevi. Wiki mbili nzima alikuwa amepiga magoti mbele ya ile meza, anakaza hiki, analegeza kile, anapaka mafuta. Kila akiirudia sakafu ya Mama, inatoka mia na themanini na mbili.

"Mpe talaka," mumewe akashauri.

"Talaka nitakupa wewe."

Mwishoni, kwa hasira, akafanya jambo ambalo baadaye alikuwa akilikumbuka linamtia aibu. Akaingia kwenye programu, mahali pa kurekebisha makosa ya mashine, akaiambia: ukikata kwa upande huu mrefu, punguza kidogo, kiasi cha milimita mbili kwa kila mia na themanini na mbili. Akabonyeza. Sakafu ya Mama ikatoka mia na themanini juu ya alama, ikashuka kati ya kuta bila kugusa. Milimita akapiga makofi peke yake stoo.

Asubuhi iliyofuata alitaka kurudia sakafu ya jikoni, maana ile ya kwanza ilikuwa na doa. Ikatoka fupi. Akaiweka, ikacheza kama jino bovu. Akakata ya sebule, fupi. Akakata kijiti cha kujaribia cha milimita mia moja, akakipima: tisini na nane na nukta tisa.

Alisimama na kile kijiti mkononi. Akaondoa lile rekebisho alilokuwa ameliweka, akakata kijiti kingine. Mia moja kamili. Akakata cha pili, cha tatu, cha nne. Mia, mia, mia. Ile mashine ya bei ya friji ilikuwa haina kosa hata la kusingizia. Haikuwahi kuwa na kosa. Vyumba vyote vilikuwa sawa kabla hajaiingilia, isipokuwa kimoja.

Akafungua daftari. Mwezi wa pili, chumba cha Mama, ukuta hadi ukuta: mita tatu na sentimita sitini. Mwezi wa sita, chumba kile kile, ukuta hadi ukuta: mita tatu na sentimita sitini na nne. Mwandiko ni wake, tepu ni ile ile, na tepu hiyo haiazimi mtu.

Akakaa chini juu ya ndoo. Alijaribu kucheka, akajiambia bwana wee, ulikosea kusoma, umezeeka. Lakini alijijua. Katika maisha yake amekosea mambo mengi, amekosea kupika, amekosea kuchagua mawifi, ila tepu hajawahi kukosea.

Akachukua tepu akaondoka, hata sweta yenye vumbi la mbao hakuivua.

Kwa Mama alifika saa tano. Duka lilikuwa wazi, Bosi amekaa ndani anaongea na simu na kumpungia mkono, akampungia naye, akapanda ngazi za nje mbili mbili. Mama alikuwa kitandani ameegemea mto, miwani puani, anafumua pindo la gauni. Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, na vidole bado vilikuwa havikubali kukaa bure.

"Mama, naomba nipime kidogo."

"Tena? Umenipima mwezi wa pili, umenipima mwezi wa sita. Kama ni jeneza si useme?"

"Mama usiniletee uchuro, nyanyua miguu."

Akapima. Mita tatu na sentimita sitini na saba.

Akapima tena, safari hii amebana ncha ya tepu kwa kisigino. Sitini na saba. Akapima kwa upande wa dirishani. Sitini na saba na kitu. Chumba kimeongezeka sentimita tatu nyingine tangu mwezi wa sita. Chumba, jamani! Chumba cha matofali kinarefuka kama mtoto!

Akapiga magoti kwenye ukuta wa nje, akanyanyua ukingo wa zulia. Mbao za sakafu zilikuwa haziugusi ukuta. Kati ya mbao na ukuta kulikuwa na pengo, na ndani ya pengo kumeshindiliwa kitu, kirefu, kinene kama mkono wa mtoto, kinatoka kona hadi kona. Akakivuta. Ni kitambaa. Ni mabaki ya magauni, yamekunjwa, yameviringishwa, yameshonwa kwa mshono mdogo mdogo wa kupendeza, rangi ya kitambaa imechaguliwa ifanane na sakafu.

Mshono ule angeutambua hata kwenye giza. Akageuka polepole akamtazama mama yake, na mama yake akawa anatazama pindo la gauni kana kwamba kuna habari imeandikwa pale.

"Mama. Hii nini?"

"Upepo ulikuwa unaingia."

"Umeshona wewe?"

"Kwani nani mwingine anashona hapa?"

Milimita akainuka. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye kabati la nguo, lililosimama kona ya ukuta wa nje. Kabati hilo mwezi wa pili lilikuwa upande wa mlango. Mwezi wa sita alilikuta pale, akaandika tu kwenye daftari "kabati limehamishwa", kwa ajili ya kijikabati atakachochonga. Akaliegemeza bega akasukuma.

"Liache hilo!" Mama akapaza sauti. "Utaumia mgongo! Nakwambia liache!"

Likasogea. Nyuma yake ukuta ulikuwa umepasuka kutoka dari hadi sakafu, na kwenye ufa mwanga wa jua ulikuwa unapenya. Aliweza kuona barabara. Mungu wangu, aliweza kuona barabara, na mtu anapita na baiskeli! Na pembeni ya ufa, kwa penseli, kwa mwandiko wa Mama wa herufi za duara, kulikuwa na mistari na tarehe. Ya kwanza ilikuwa mwezi wa tatu: "unywele". Chini yake: "kucha". Chini yake: "kidole kidogo". Kisha "vidole viwili", kisha "vitatu". Wa mwisho ulikuwa umeandikwa asubuhi hiyo hiyo: "vidole vinne, karibu vitano".

Alisoma yote, halafu akayasoma tena. Yeye alikuwa ameshinda wiki mbili anaisingizia mashine, na mama yake alikuwa hapa, na penseli, anajua. Anapima. Kila wiki anapima na kurudisha kabati.

"Mama," sauti ilitoka ndogo. "Bosi alipopanua duka mwezi wa tatu, wewe uliniambia ameondoa mbao. Ameondoa mbao za kutenganisha, basi. Si ndivyo ulivyoniambia?"

"Ndivyo."

"Ameondoa nini?"

Mama akavua miwani. "Ukuta. Ule wa katikati, uliobeba boriti. Wote."

Milimita akatoka hadi ukumbini, akapiga simu kwa mtu mmoja tu aliyemfahamu mwenye elimu ya mambo hayo, mhandisi, mume wa mwalimu mwenzake. Akamweleza kwa kunong'ona. Mhandisi alianza kwa sauti ya mtu anayekunywa chai. Akauliza boriti za sakafu zimeingia ndani ya ukuta wa nje kiasi gani. Milimita akasema marehemu baba yake alikuwa akisema sentimita kumi, hiyo namba anaikumbuka. Mhandisi akauliza ukuta umeondoka kiasi gani. Milimita akasema saba.

Ile sauti ya chai ikaisha.

"Umesema saba?"

"Saba."

"Yaani boriti zimebaki zimeshikilia sentimita tatu. Mwalimu, nisikilize. Toa watu. Usinisubiri mimi, mimi niko mbali, nitafika saa tisa. Usifungashe, usipange. Toa watu sasa hivi, na wasitembee katikati ya chumba."

Akampigia mumewe aje na gari la mikate. Mwokaji, ambaye huwa hawezi kupokea simu bila kuweka kichekesho, alisikia ile sauti akasema tu, "Nakuja."

Aliporudi chumbani alitembea ameambaa ukuta wa mlangoni, anahisi kila ubao kwenye nyayo. Ubao mmoja ulilia chini ya mguu wake, akaganda. Mama alikuwa bado palepale kitandani, gauni mapajani.

"Mama, tunatoka. Sasa hivi. Zunguka upande huu, usipite katikati."

"Siendi mahali."

"Mama, sakafu imebaki vidole viwili ianguke!"

"Mimi si nimekuandikia hapo? Unanifundisha?"

Milimita alimtazama mdomo wazi. Alikuwa amemjua mwanamke huyu miaka hamsini na moja. "Kwa nini hukusema? Miezi mitano! Kwa nini hukusema hata kwangu?"

"Kwako ndiyo ningesema mwisho kabisa," Mama akasema, na sasa alikuwa amekasirika yeye. "Wewe hujui kusamehe. Unajua mnavyomsema mwenzenu? Duka la kwanza lilikufa mkacheka. La pili likafa, mkasema amerogwa na uvivu. Hili limesimama. Kila asubuhi anapanda hapa na chai, ananiuliza, Mama umelala vipi, uso wake unang'aa. Nimwambie nini? Kwamba ameibomoa nyumba ya baba yake? Angekufa kwa aibu. Mngemmaliza."

"Na ukianguka wewe?"

"Nina miaka themanini. Nikianguka, nimeanguka."

Hasira, hofu, huruma, vyote vilimpanda Milimita kwa pamoja mpaka akashindwa kuchagua aanze na kipi. Chini ya sakafu walisikia Bosi anacheka na simu yake. Milimita akafikiri: nimtoe huyu kwanza, yule nitamtoa kwa ujanja. Akasema, "Haya. Unataka nini ili ushuke?"

"Asijue."

"Mama..."

"Asijue ni ukuta wake. Sema unanipeleka kwako nipumzike. Huyo mhandisi akija aseme nyumba ni ya zamani, imechoka. Uniahidi. La sivyo nalala hapa."

Milimita, ambaye hajawahi kumpa mwanafunzi hata nusu maksi ya huruma, akaahidi. Aliahidi haraka haraka, anaona aibu, mikono imeshanyooshwa kumshika mama yake. Mama akaingia kwenye viatu, akachukua mkoba na cherehani yake ndogo ya mkono, ambayo hakukubali kuiacha hata baada ya kufokewa, na wakatoka wameambaa ukuta wa ndani kama wezi.

Gari la mikate lilikuwa limeshafika. Mwokaji akambeba Mama hatua za mwisho za ngazi bila kuuliza, akamkalisha kiti cha mbele. Milimita akasimama kwenye mlango wa duka. Hakuingia. Kiti cha Bosi kilikuwa nyuma ya kaunta, kile kirefu cha kuzunguka, na juu yake dari mpya nyeupe, safi, haionyeshi kitu.

"Bosi, njoo utusaidie. Kuna mzigo wa Mama."

"Dada, niko kazini."

"Njoo!"

Kulikuwa na kitu kwenye sauti yake, Bosi akatoka, simu ameiacha kaunta. Akatazama gari, akatazama Mama aliyekaa na mkoba mapajani. "Anaenda wapi?"

"Kwangu. Apumzike."

"Apumzike na nini? Leo asubuhi nimempandishia chai, mzima. Mama, unaumwa?"

"Siumwi mwanangu," Mama akasema dirishani. "Dada yako tu na mambo yake."

"Ni kile kimashine," Bosi akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, tatizo lake ni hilo, huwezi kumkasirikia muda mrefu. "Amekosea vipimo huko kwenye midoli yake, sasa anatuhamisha watu. Shem, mke wako umpeleke hospitali." Mwokaji hakucheka. Bosi akamwangalia kidogo, kisha simu ikaanza kuita ndani, juu ya kaunta. "Ngoja nipokee hiyo, ni yule wa mzigo wa viatu vya shule. Nakuja."

Akageuka. Milimita akamdaka mkono wa shati.

"Usiingie."

"Dada, vipi?"

"Nakuomba usiingie. Funga leo."

"Nifunge kwa sababu gani? Niambie sababu."

Milimita akainua macho akakutana na ya Mama kwenye dirisha la gari. Mama alikuwa anatikisa kichwa, kidogo sana, hapana, hapana. Simu iliita. Bosi akauvuta mkono wake, akapiga hatua moja, akapiga ya pili, na mguu wa mbele ukakanyaga kizingiti.

"Ukuta ulioubomoa ndio ulikuwa umeshika sakafu ya Mama!" Milimita akapiga kelele, mpaka mtu ng'ambo ya barabara akasimama. "Ule wa katikati! Nyumba inafunguka! Mama anajua tangu mwezi wa tatu, amekuficha, ameniapisha nisikwambie! Nenda sasa, ingia, pokea simu yako!"

Bosi akaganda kizingitini. Kicheko kilikuwa bado usoni, hakikujua kiende wapi. Akarudi nyuma hatua mbili, tatu, si kwa kuogopa nyumba, ni kwa kumtaka Mama. Akafika dirishani pa gari.

"Mama? Anasema kweli huyu?"

Mama alifungua mdomo.

Halikuwa jambo la kishindo mwanzoni. Kulisikika mlio mrefu wa mbao, kama mlango mzito unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Kisha ukuta wa nje, juu, ukainama kuelekea uani pembeni, tofali moja likadondoka, na hapo vyote vikashuka kwa pamoja. Kioo cha duka kikamwagika barabarani. Vumbi likatoka mlangoni likawafunika, na Milimita hakuona kitu, alisikia tu mtu anapiga kelele, ikamchukua muda kutambua kwamba ni yeye.

Vumbi lilipoanza kukaa, Mama alikuwa ameshashuka garini. Hakuna aliyemwona akishuka. Alikuwa amesimama mbele ya pale palipokuwa na kioo, gauni jeupe kwa vumbi, anatazama ndani. Milimita akaenda akamshika kiwiko, naye akatazama.

Dari nyeupe ilikuwa haipo. Kitanda cha Mama, kile cha chuma, kilikuwa kimetua nyuma ya kaunta, boriti mbili juu yake na matofali yasiyohesabika. Chini ya kitanda palionekana mguu wa kile kiti kirefu, umepinda, na mto wa kiti umebanwa mpaka sifongo imetoka. Viatu vya shule vilitapakaa kila mahali, vipya, vimefungwa kamba mbili mbili.

Bosi akaja akasimama upande wa pili wa mama yake. Alikiangalia kiti.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Kila asubuhi nilikuwa nakuuliza umelala vipi."

"Nikakwambia vizuri."

"Na mimi nikashuka, nikakaa pale."

Mama alikitazama kile kiti, kisha akatazama juu, mahali kilipokuwa kitanda chake, ambapo sasa palikuwa na mbingu tu. Akarudisha macho chini kwenye kiti. Milimita alihisi kiwiko kinakuwa kizito mkononi mwake, akamwita mumewe haraka, wakamshika wote wawili.

"Nilijua nitaanguka," Mama akasema. Alikuwa anamtazama kitinda mimba wake kama mtu aliyeletewa msiba na mtoto kwa pamoja. "Nilishakubali nitaanguka. Sikufikiri hata siku moja kwamba nitakuangukia wewe."